Daftari za Wakunga na Ubongo wa Uzeeni: Historia ya Utafiti wa Njaa ya Uholanzi ya 1944–1945, Uzito wa Kuzaliwa na Akili za Watu Wazima

Utangulizi

Swali la iwapo chakula cha mama mjamzito huacha alama katika ubongo wa mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima ni gumu kulijibu kwa sababu moja ya msingi: hakuna mtafiti mwenye haki ya kuwanyima wajawazito chakula kisha akasubiri miaka sitini aone yatakayotokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo kuhusu jambo hili imetokana na misiba ambayo hakuna mwanasayansi aliyeipanga, na imehifadhiwa na watu ambao hawakujua kwamba wanaandika kwa ajili ya sayansi: wakunga, makarani wa hospitali na maofisa wa jeshi.

Insha hii inafuatilia msiba mmoja kati ya hiyo, yaani njaa iliyolikumba eneo la magharibi mwa Uholanzi katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hoja inayojengwa humu ni kwamba uzito wa kuzaliwa, ambao kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa kioo cha lishe ya tumboni, ni kioo chenye ukungu. Na kwamba majibu kuhusu ubongo yalibadilika mara kadhaa kwa kuwa waliochunguzwa walizidi kuzeeka na kila kizazi cha watafiti kiliwauliza swali jingine.

Yafaa kwanza kusema neno kuhusu kipimo chenyewe. Mstari wa gramu 2500, ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa na uzito pungufu, ulipendekezwa mwaka 1919 na daktari wa watoto kutoka Finland, Arvo Ylppö. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliukubali, na hadi leo ndio unaotumika katika kliniki za uzazi duniani kote. Udhaifu wake ni kwamba unachanganya watoto wa aina mbili katika kapu moja: njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati lakini ambaye huenda alikuwa akikua vyema, na yule aliyetimiza miezi yake yote tumboni huku akikua kwa shida. Mzani hauwezi kuwatenganisha. Mchanganyiko huo umeifuata fani hii kama kivuli.

Majira ya baridi ya njaa

Mnamo Septemba 1944 majeshi ya Washirika yalijaribu kuvuka mito mikubwa ya Uholanzi ili kuingia Ujerumani. Ili kuwasaidia, serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwaamuru wafanyakazi wa reli wagome. Jaribio la kijeshi lilishindwa huko Arnhem, lakini mgomo uliendelea. Na watawala wa Kijerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisisafirishwe kwenda mikoa ya magharibi, penye miji ya Amsterdam, Rotterdam, The Hague na Leiden. Mwanzoni mwa Novemba zuio lililegezwa kwa usafiri wa majini. Hata hivyo, baridi ya mwaka ule ilikuja mapema na kwa ukali. Mifereji ikaganda, na mashua zikakwama.

Mgawo rasmi wa chakula kwa mtu mzima mjini Amsterdam ulishuka chini ya kilokalori 1000 kwa siku kufikia mwisho wa Novemba 1944. Kati ya Desemba na Aprili ulikuwa baina ya 400 na 800. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Wenye nguvu walitembea au kuendesha baiskeli hadi mashambani wakiwa na shuka, saa na pete za ndoa za kubadilishana na viazi. Wajawazito na wanaonyonyesha waliongezewa mgawo mwanzoni, lakini njaa ilipofikia kilele nyongeza hiyo haikuweza kutolewa tena. Makadirio ya kawaida ni kwamba watu wapatao 20,000 walikufa. Nchi ilikombolewa tarehe 5 Mei 1945, na kufikia Juni mgawo ulikuwa umevuka kilokalori 2000.

Mambo matatu yanaitofautisha njaa hii na nyingine nyingi, na ndiyo yaliyoifanya kuwa hazina kwa watafiti. Kwanza, ilianza na kukoma ghafla, hivyo mtoto aliyezaliwa Februari 1945 aliguswa na njaa katika miezi ya mwisho ya ujauzito tu, na aliyezaliwa Novemba 1945 aliguswa mwanzoni tu. Pili, iliwashika watu ambao kabla yake walikuwa wakila vya kutosha, na baada yake wakarudi kula. Tatu, na hili ndilo la ajabu zaidi, urasimu haukufa njaa. Makarani waliendelea kuandika mgawo wa kila wiki, na wakunga waliendelea kuwapima watoto na kuandika uzito wao, huku wao wenyewe wakiwa na matumbo matupu. Ni nadra kwa mwanahistoria wa njaa kupata nyaraka za namna hiyo. Katika njaa nyingi, daftari ndilo la kwanza kufungwa.

Mara tu baada ya ukombozi alifika Clement Smith, daktari wa watoto kutoka Marekani, akapekua kumbukumbu za hospitali za Rotterdam na The Hague. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilithibitisha kwamba watoto ambao mama zao walishinda njaa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito walizaliwa wepesi kuliko wengine. Upungufu huo, kwa hesabu mbalimbali zilizofuata, ulikuwa kati ya gramu 200 na 300. Walioguswa mwanzoni mwa mimba tu walizaliwa na uzito usiopungukiwa na kitu. Tofauti hiyo ilionekana kuwa jambo dogo wakati ule. Miaka hamsini baadaye ndiyo ingegeuka kuwa kiini cha mjadala wote.

Vijana mbele ya bodi ya jeshi

Katika miaka ya 1960 hofu moja ilitawala mikutano ya wataalamu wa lishe: kwamba utapiamlo wa utotoni hudumaza ubongo moja kwa moja. Kule Cape Town, Stoch na Smythe walikuwa wamewafuatilia watoto waliokosa lishe na kuandika mwaka 1963 kwamba vichwa vyao vilikuwa vidogo na alama zao za akili zilikuwa chini. Nchini Uingereza, John Dobbing alitumia wanyama wa maabara kuonyesha kwamba ubongo una kipindi chake cha kukua kwa kasi, na kwamba njaa ikiangukia kipindi hicho hasara yake hailipiki. Kwa binadamu, kwa maoni yake, kipindi hicho huanza katikati ya ujauzito na kuendelea baada ya kuzaliwa. Udhaifu wa hoja zilizotokana na watoto maskini ulikuwa dhahiri: mtoto mwenye utapiamlo ni pia mtoto wa nyumba yenye msongamano, maradhi na shule mbovu. Ni lipi kati ya hayo lililomdhuru?

Zena Stein na mumewe Mervyn Susser waliliona tatizo hili kwa macho yao. Walikuwa madaktari wazaliwa wa Afrika Kusini, waliowahi kufanya kazi katika kliniki ya Alexandra, kitongoji cha Waafrika huko Johannesburg, kabla ya kuondoka nchini wakati wa ubaguzi wa rangi. Wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitambua kwamba Uholanzi ilikuwa na kile ambacho Cape Town isingeweza kutoa: njaa iliyowafikia watoto wa tabaka zote kwa tarehe zinazojulikana. Aidha, kila mwanamume wa Kiholanzi aliitwa mbele ya bodi ya jeshi alipokaribia umri wa miaka 19, akapimwa urefu, uzito, afya na akili. Wakishirikiana na Gerhart Saenger na Francis Marolla, walikusanya kumbukumbu za wanaume wapatao 125,000 waliozaliwa kati ya Januari 1944 na Desemba 1947, wakalinganisha miji iliyokumbwa na njaa na miji ya kusini na kaskazini iliyosalimika.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1972 na kupanuliwa katika kitabu cha mwaka 1975, yaliwashangaza wengi. Hakukuwa na tofauti ya alama za akili kati ya waliopitia njaa tumboni na wasioipitia. Hakukuwa na ongezeko la udumavu wa akili. Tofauti kubwa iliyoonekana ilikuwa ile ya tabaka: mtoto wa kibarua alipata alama za chini kuliko mtoto wa karani, awe amezaliwa kabla ya njaa, wakati wa njaa au baada yake.

Mara nyingi matokeo haya hunukuliwa kana kwamba yalifunga mjadala. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, yalifunga mlango mmoja tu. Kwanza, wanawake hawamo kabisa, kwa kuwa jeshi halikuwaita. Pili, waliopimwa ni waliofika umri wa miaka 19 wakiwa hai, na katika kilele cha njaa vifo vya watoto wachanga viliongezeka. Tatu, idadi ya mimba zilizotungwa wakati wa njaa ilishuka hadi karibu nusu ya kawaida, na kushuka huko kulikuwa kukubwa zaidi miongoni mwa familia za wafanyakazi wa mikono. Maana yake ni kwamba watoto walioguswa mwanzoni mwa mimba walitoka kwa kiasi fulani katika nyumba zilizokuwa na unafuu, jambo linaloweza kuficha madhara. Stein na Susser waliyajua haya na waliyaeleza. Walionukuu baadaye ndio walioyasahau. Nne, kijana wa miaka 19 yuko karibu na kilele cha uwezo wa ubongo wake. Ufa wa ukuta hauonekani siku nyumba inapomalizwa kujengwa.

Dalili nyingine zilikuwamo humohumo katika takwimu zao. Miongoni mwa waliotungwa mimba katika kilele cha njaa, kasoro za mfumo wa fahamu, kama vile mgongo wazi, zilikuwa zimeongezeka. Mwaka 1976 kundi hilohilo la watafiti liliripoti kwamba vijana walioguswa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene wa kupindukia mara nyingi zaidi, ilhali walioguswa mwishoni walikuwa nao mara chache zaidi. Wakati, kumbe, ulikuwa na uzito kuliko uzito wenyewe.

Skizofrenia, na ushahidi kutoka China

Miaka ishirini baada ya chapisho la kwanza, Ezra Susser, mtoto wa Stein na Susser, alirudi kwenye kumbukumbu za Uholanzi na swali tofauti. Hakuuliza kuhusu wastani wa akili za watu wengi. Aliuliza kuhusu ugonjwa mzito unaowapata wachache. Akishirikiana na wenzake, akiwamo mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Kiholanzi Hans Hoek, alitumia daftari la taifa la wagonjwa wa akili. Katika machapisho ya mwaka 1992 na 1996 walionyesha kwamba waliotungwa mimba katika kilele cha njaa walikuwa na uwezekano takriban mara mbili wa kupata skizofrenia walipokuwa watu wazima.

Mara mbili ya idadi ndogo bado ni idadi ndogo, na wakosoaji hawakukawia kusema hivyo. Uthibitisho ulihitaji njaa kubwa zaidi, na kwa bahati mbaya ya binadamu ilikuwapo. Mwaka 2005 David St Clair na wenzake walichapisha uchunguzi wa eneo la Wuhu, mkoa wa Anhui, ambao ni miongoni mwa mikoa iliyoteketezwa zaidi na njaa ya China ya 1959–1961. Uwezekano wa kupata skizofrenia ulipanda kutoka asilimia 0.84 kwa waliozaliwa mwaka 1959 hadi asilimia 2.15 kwa waliozaliwa 1960, na 1.81 kwa waliozaliwa 1961. Nchi mbili, tawala mbili, vyakula viwili visivyofanana, na ongezeko la kiwango kilekile. Katika fani ambayo matokeo mengi huyeyuka yanaporudiwa, hili limesimama.

Kwa sababu gani? Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba katika majuma ya mwanzo, kabla mama wengine hata hawajajua kuwa ni wajawazito, mfereji wa neva hujifunga na seli za ubongo huanza safari zake. Upungufu wa foleti katika kipindi hicho unajulikana kusababisha mgongo wazi. Si ajabu kudhani kwamba upungufu huohuo, au wa namna hiyo, unaweza kuacha kasoro ndogo zaidi isiyoonekana hadi ujana. Dhana hiyo haijathibitishwa kwa watu wa Uholanzi, kwani hakuna damu ya mama zao iliyohifadhiwa.

Ubongo wa mzee

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukitoka Uingereza. David Barker, akitumia daftari za wauguzi wa Hertfordshire zilizoandikwa tangu 1911, alidai kwamba waliozaliwa wepesi walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Nadharia yake ilikuwa kwamba kijusi kinachokosa chakula huelekeza damu kwenye ubongo na kuvinyima viungo vingine, kama mwenye nyumba anayeokoa sanduku la fedha na kuacha samani ziungue. Ikiwa ni hivyo, ubongo ungetarajiwa kuwa kiungo cha mwisho kuumia. Nadharia hii iliwapeleka watafiti wa Amsterdam kwenye ghala la kumbukumbu la hospitali ya Wilhelmina Gasthuis, walikopata taarifa za watoto 2414, wasio mapacha, waliozaliwa kati ya Novemba 1943 na Februari 1947. Tessa Roseboom na wenzake waliwatafuta watu hao, wakawaita na kuwapima.

Mwaka 2010 kundi hilo, likiongozwa na Susanne de Rooij, liliripoti kwamba walioguswa na njaa mwanzoni mwa mimba walifanya vibaya zaidi, wakiwa na umri wa miaka 56 hadi 59, katika jaribio la umakini linalomtaka mtu ataje rangi ya wino huku neno lililoandikwa likitaja rangi nyingine. Katika majaribio mengine hapakuwa na tofauti. Na hawa, msomaji akumbuke, ni watu waliozaliwa na uzito wa kawaida. Anayetafuta athari za njaa kwa kuangalia mzani wa kliniki angewaruka wote.

Mwaka mmoja baadaye kundi jingine, lililohusishwa na L. H. Lumey wa Columbia na lililowachunguza watu waliozaliwa Amsterdam, Rotterdam na Leiden pamoja na ndugu zao wa jinsia moja, lilitoa matokeo ya watu wa umri wa miaka 59 hivi. Halikuona uhusiano wa jumla kati ya njaa ya tumboni na uwezo wa kufikiri. Lililoacha wazi ni uwezekano wa athari kwa walioguswa mwanzoni kabisa. Kutumia ndugu ni mbinu bora, kwa sababu wamelelewa chini ya paa moja. Mwandishi wa insha hii anaona kwamba matokeo ya 2011 yanapaswa kusomwa pamoja na ya 2010 kila yanapotajwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba maandishi mengi ya muhtasari hutaja ya kwanza na kunyamazia ya pili.

Mwaka 2016 kundi la Amsterdam lilichapisha picha za ubongo za watu 118 waliokaribia umri wa miaka 68. Wanaume walioguswa mwanzoni mwa mimba walikuwa na ubongo mdogo kuliko wenzao. Wanawake hawakuwa na tofauti hiyo. Uchambuzi wa baadaye wa picha hizohizo ulionyesha kwamba ubongo wa wanaume hao ulionekana kuzeeka kabla ya wakati. Watu 118, wakigawanywa kwa jinsia na kwa kipindi cha kuguswa, hubaki makundi madogo sana, na tofauti ya wanaume na wanawake inaweza kuwa imetokana na nani aliyekuwa angali hai na mwenye afya ya kufika kupigwa picha.

Swali la njia ambayo njaa fupi ingeweza kuacha alama ya miaka sitini lilipata jibu la sehemu mwaka 2008, pale Bas Heijmans, Lumey na wenzao walipoonyesha kwamba watu walioguswa wakati wa kutungwa mimba walikuwa na alama chache za methili kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wasioguswa. Ni ushahidi kwamba mwili hutunza kumbukumbu. Lakini alama hizo zilisomwa kwenye damu, na damu si ubongo.

Maziwa ya njiti, na watoto wa Kampala

Kuna ushahidi wa aina nyingine ambao haukutokana na msiba. Kati ya 1982 na 1985 Alan Lucas na wenzake nchini Uingereza waliwagawa kwa bahati nasibu watoto njiti wenye uzito chini ya gramu 1850: wengine walipewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine maziwa yaliyoongezewa virutubisho, kwa majuma machache tu. Walipofika umri wa miaka saba na nusu hadi minane, wavulana waliopata maziwa yaliyoboreshwa walikuwa na alama za juu zaidi, hasa za lugha. Katika ujana, baadhi yao walipopigwa picha, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo kiini cha kaudati ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolishwa vizuri, na ukubwa huo ulikwenda sambamba na alama za lugha. Hapa hakuna tabaka la kulaumu wala vifo vya kuchuja, maana kura ndiyo iliyoamua nani apewe nini. Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu, kwa hiyo, chakula cha majuma ya kwanza nje ya tumbo huweza kurekebisha sehemu ya ujenzi wa ubongo, na huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote uliotajwa katika insha hii kuhusu lishe yenyewe.

Mtu anayesoma habari hizi Afrika Mashariki atauliza zinamhusu vipi, na ana haki ya kuuliza. Njaa ya Uholanzi ilikuwa ya miezi sita, katikati ya miaka ya shibe. Upungufu ulio wa kawaida zaidi vijijini kwetu ni wa mama ambaye hakushiba utotoni, hakushiba katika ujauzito, na mwanawe anaachishwa ziwa na kupewa uji mwepesi. Katika hilo, kazi ya Jan Hoorweg, Mholanzi aliyefanya utafiti Uganda, inastahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa. Aliwapima vijana wa Buganda waliokuwa wamelazwa utotoni mjini Kampala kwa utapiamlo mkali, na matokeo yake ya mwaka 1976 yalikuwa kwamba ukali wa ugonjwa siku ya kulazwa haukutabiri uwezo wao wa baadaye wa kufikiri. Kilichotabiri kilikuwa kiwango cha upungufu wa muda mrefu alichokuwa nacho mtoto alipopokewa wodini, yaani njaa ya polepole iliyotangulia, ile ambayo haikuwa imeandikwa katika daftari lolote.